Ginipigi Aliyemlilia Kwaro

Nyumbani kwetu Migori, kabla ya chakula cha jioni, kila mtu hutaja kitu kimoja anachomshukuria Mungu. Ni sheria ya Mama. Dada yangu hushukuru kwa ajili ya walimu wake, ndiyo maana siwezi kumwamini kwa jambo lolote. Mimi jioni moja nilishukuru kwa ajili ya upele. Mama akafungua jicho moja, lile la upande wangu, akaliacha wazi mpaka amina.

"Upele gani?" akauliza.

"Wa ginipigi wa Kwaro."

Akaushika mwiko. Kisha akasema, "Basi hiyo tutairuhusu," akanipakulia samaki mkubwa kuliko wa dada yangu. Haki ilitendeka.

Kwaro ni babu kwa Kijaluo, na Dani ni nyanya. Boma lao liko upande wa Ndhiwa, kule Homa Bay, na yote nitakayosimulia hapa yalisemwa kwa Kijaluo isipokuwa pale kwa daktari. Nimeyaweka kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Kama mzaha fulani umekosa chumvi, ujue chumvi ilimwagika njiani. Nilipoutoa ulikuwa mtamu.

Kitabu chetu cha Kiswahili humwita mnyama huyu simbilisi, lakini ukiuliza simbilisi Ndhiwa watakuelekeza kwa mganga. Sisi tunasema ginipigi. Kwaro alimpata kwa ajili ya pumu. Jirani alimwambia kwamba ukilaza ginipigi chini ya kitanda, ugonjwa wa kifua unahama kutoka kwako unaingia kwake. Kwaro alikuwa mtu wa kupinga kila kitu, pamoja na taarifa ya hali ya hewa, kwa hivyo alipinga na hilo pia. "Siamini," alisema, "lakini simfukuzi." Akatafuta katoni, akaweka nyasi, akaisukuma chini ya kitanda.

Pumu haikupata habari hiyo. Iliendelea kumsumbua kama kawaida. Lakini wale wawili walikuwa wameshazoeana. Kwaro alikuwa anamkatia mabua ya sukuma wiki kwa kisu kidogo, vipande vya ukubwa mmoja, halafu anapiga mluzi. Kutoka chini ya kitanda unasikia wiik, wiik, wiik. Kwaro alidai kwamba katika boma zima huyo peke yake ndiye huitika akiitwa.

"Anaitika kwa sababu hana kazi," Dani alikuwa akimjibu kutoka jikoni.

Kwaro alifariki mwezi wa sita, kwa sababu ya moyo, wala si pumu. Sitasimulia mazishi. Mtu yeyote wa kwetu anajua mazishi yalivyo: watu, sufuria, turubai, watu tena. Magodoro yalitandikwa mpaka chini ya vitanda, kwa hivyo ginipigi alitolewa akapelekwa kwenye nyumba ya kuku, akalalishwa juu ya nyasi kuukuu ambazo kuku wenyewe walikuwa wamezichoka. Hakuna aliyemkumbuka kwa siku nyingi. Sisemi kwa kulaumu. Hata mimi nilikuwa huko, na nilichokuwa nafikiria ni zamu yangu ya nyama.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo wakaja kuuliza habari ya kunyoa. Zamani mtu akizikwa kwetu, baada ya siku chache familia yake inanyolewa nywele. Inaitwa liedo. Ni namna ya kuonyesha kwamba umefiwa, na pia ya kuufunga msiba, maana ukishanyolewa unarudi kwa kazi zako na nywele zinaota upya. Lakini Dani ni mama wa kanisa, Msabato wa kuamka na wimbo na kulala na wimbo, na kanisa lake halitaki mambo hayo. Alisimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, akawaambia wazee, "Hapa ni nyumba ya Sabato. Hakuna wembe utakaoingia." Wazee wakaondoka. Hakuna aliyenyolewa hata unywele mmoja. Jumamosi iliyofuata kanisani, mzee wa kanisa alimsifu mbele ya watu wote kuwa mfano wa imani, na Dani akainamisha kichwa.

Likizo ya Agosti Mama akanituma kwenda kukaa naye. Sikutumwa kama zawadi. Nilitumwa kwa sababu kule kuna kuni za kupasua na hakuna intaneti.

Dani alinipokea kwenye kibaraza. "Mume wangu amefika," akasema, "na kama kawaida hajaleta hata sukari."

Huo ni utani wa kwetu. Mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Kwaro alipokuwa hai alikuwa ananiita mwizi, ananiuliza mahari ya mke wake nitalipa lini. Sasa mtu wa tatu wa mzaha hakuwepo, lakini mimi na Dani tuliuendeleza hivyo hivyo, ukichechemea.

"Sukari itakuharibia meno, mke wangu," nikamwambia. "Yale mawili."

Tukaingia ndani, na hapo nikamwona. Ginipigi alikuwa amerudishwa nyumbani, katoni yake sasa iko kando ya kiti cha Dani. Nilimwacha akiwa na manyoya ya rangi ya kahawia na meupe, yamezunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Sasa mgongo wote kuanzia mabegani ulikuwa wazi. Mapajani pia. Ngozi ilikuwa na magamba, imekauka na kupasuka kama ukoko wa ugali uliosahauliwa kwenye sufuria. Alikuwa anajikuna kwa mguu wa nyuma, anapumzika kidogo, kisha anaanza tena upande wa pili.

Nikacheka. "Dani, kinyozi wako ni nani? Mrudishie hela."

Hakucheka. Dani kutocheka utani wangu ni jambo la kawaida, lakini kwa kawaida hutingisha kichwa. Safari hii alitazama mlango kwanza, kana kwamba mzee wa kanisa angeweza kuwa amejificha nyuma yake. Kisha akaniinamia.

"Anamlilia Kwaro," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Tangu siku ile ya mazishi nywele zake zilianza kudondoka. Hapa nyumbani hakuna mwanadamu aliyenyoa. Watoto wake hawakunyoa. Ndugu zake niliwafukuza. Mimi sikunyoa. Huyu amejinyoa mwenyewe." Akamchukua, akamlaza kwenye mkono wake, karibu na kiwiko, namna watu wanavyobeba mtoto. "Usimwambie mtu wa kanisa."

Nilichosema baada ya hapo ni hiki: "Basi hata yule kuku wa shingo wazi anaomboleza. Tena yeye alianza kabla Kwaro hajaugua."

Siku nzima Dani aliniita kwa jina langu la ubatizo. Lote, mpaka lile la katikati ambalo hata Mama hulisahau. Hapo nikajua nimevuka mstari.

Kwa hivyo nikanyamaza, nikaanza kuangalia. Kila jioni, redio ikisoma matangazo ya vifo, Dani anamweka yule mnyama mkononi na kumpapasa pale mahali pasipokuwa na nywele, taratibu, na uso wake unatulia. Nilielewa ni nini kilikuwa kinatokea. Aliwakatalia wazee kwa sababu ya imani yake, na hakujutia imani. Lakini kulikuwa na deni ndani yake ambalo kanisa halikuwa na wimbo wa kulilipa, na huyu mdogo alikuwa amelilipa kwa niaba yake. Ukimtibu, unamnyang'anya Dani kitu pekee alichopata kwenye ule msiba. Usipomtibu, anakufa. Maana alikuwa anakufa. Sikuwa daktari, lakini mabua ya sukuma wiki yalianza kubaki kwenye katoni yakinyauka, na mbavu zake ungeweza kuzihisi kwa kidole.

Nikaenda kuomba ushauri kwa jirani yetu, kijana wa bodaboda. Nilimkuta anafunga mnyororo.

"Mambo ya ngozi ni rahisi," akasema. "Oli chafu. Ile inayotolewa kwa injini. Unampaka yote, kichwa mpaka mkia."

"Hana mkia."

"Basi kazi imepungua. Mbwa wangu nilimpaka, akapona kabisa."

"Mbwa wako alikufa."

"Alikufa akiwa amepona," akasema, na akanijazia oli kwenye chupa ya soda bila hata kucheka.

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, chupa imefunguliwa, kitambaa kimelowa, ginipigi yuko magotini. Dani akatokea na kuni kichwani. Alipoona alichokiona, alizitupa zile kuni chini zote kwa pamoja.

"Wuoi," akasema, yaani mvulana, na kijana wa Kijaluo akiitwa hivyo na nyanya yake kwa sauti ile, mikono yake huacha kazi yenyewe. "Mtu aliyefiwa hupakwa oli ya gari?"

Akaimwaga chupa yote kwenye shimo la taka. Mimi nikanuna, nikaona huyu mama atamuua mnyama kwa ajili ya huzuni yake. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba ginipigi hujilamba kama paka, kwamba oli ile ingeingia tumboni, na kwamba mtu aliyekuwa karibu kumuua alikuwa amevaa kaptula yangu. Namshukuru Dani kwa zile kuni alizozitupa. Wakati ule sikumshukuru. Nilizipanga upya nikiwa nimekunja uso.

Kisha ikafika asubuhi moja ya Ijumaa. Dani alikuwa anaosha sufuria ya uji, nami nikamwinua ginipigi ili nibadilishe nyasi. Kidole changu kilimgusa tu mgongoni. Akakakamaa. Akaanguka upande kwenye kiganja changu, miguu yote minne ikapiga hewa haraka haraka, kichwa kikavutwa nyuma, macho yakageuka meupe. Hakutoa sauti. Sikujua nimlaze, nimshike, nimpe maji au niombe. Dani alisimama na ile sufuria, povu linamtiririka mpaka kiwikoni.

Ilipoisha alilala pale akihema, kidogo sana, unaona tumbo linapanda na kushuka. Nilijaribu kutafuta mzaha. Mimi huwa nao mfukoni siku zote, hata kwenye mitihani, hasa kwenye mitihani. Haukuwepo.

"Dani," nikasema, "nikuulize. Mtu akinyolewa liedo, ananyolewa mara ngapi?"

Akafuta povu mkononi. "Mara moja."

"Halafu?"

"Halafu nywele zinaachwa ziote."

"Sasa huyu zikiota kidogo zinatoka tena. Kila siku kuna mtu anamnyoa. Miezi miwili. Hata ngozi inanyolewa." Nikaona bora nimalize yote. "Anayemnyoa hivyo si Kwaro, Dani. Kwaro alikuwa anamkatia sukuma wiki."

Aliweka sufuria chini, akaenda nje, akakaa huko. Nikasikia kuku wakifukuzwa mahali, na kuku wa watu hawafukuzwi hivyo bila sababu. Nilidhani nimeharibu. Kisha akarudi amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cha kichwa, viatu vya kufunga, mkoba chini ya kwapa.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Jua likitua sisafiri. Mbona bado umekaa?"

Kijana wa bodaboda alitupeleka sokoni Ndhiwa. Dani alikaa katikati, katoni amepakata. Jamaa alijaribu kuuliza kama ile oli ilifanya kazi, Dani akamwambia aangalie barabara.

Kwenye duka la agroveti, lile la dawa za mifugo na mbegu, tulimkuta daktari wa mifugo. Ni mwanamke, mrefu, gumbuti miguuni, alikuwa ametoka kumzalisha ng'ombe wa mtu na ilionekana. Mbele yetu alikuwako mzee mwenye mbuzi na mwingine aliyetaka chanjo ya kuku. Zamu yetu ilipofika, Dani aliweka katoni juu ya kaunta kwa heshima zote, akafungua. Yule mzee wa mbuzi akachungulia.

"Huyo ni panya wa nani?" akauliza.

"Ni wa mume wangu marehemu," Dani akasema, na mzee akavua kofia.

Daktari alimwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Akafunua manyoya yaliyobaki, akatazama kwa tochi ya simu, akakwaruza kipande cha gamba kwa ukucha.

"Ameanguka kifafa?" akauliza kwa Kiswahili. Yeye si wa kwetu, anatoka upande wa Kuria.

"Leo asubuhi," nikasema. "Nilimgusa tu."

"Ni mwasho. Ukizidi sana wanaanguka hivyo." Akaniambia ni upele wa wadudu, tena si chawa, maana chawa ungewaona wakitembea. Hawa huchimba ndani ya ngozi, wanaishi humo, wanataga humo. "Mmempaka chochote? Dawa ya kuogesha ng'ombe? Oli?"

"Hapana," nikasema haraka.

"Alitaka," Dani akasema. "Nilimzuia." Kiswahili cha Dani ni kidogo, lakini sentensi hiyo aliipata yote.

"Ulifanya vizuri, mama. Nimeletewa wengi waliokufa kwa oli."

Dani akanitazama. Nikaanza kusoma bei za mbegu ukutani.

Dawa yenyewe ilikuwa ile ile wanayochomwa ng'ombe, lakini kipimo ndicho kazi. Ng'ombe hupimwa kwa utepe wa kuzungusha kifuani. Daktari alimtazama ginipigi, akautazama utepe, akaurudisha mfukoni. Akamtuma mtu duka la jirani, ikaja mizani ya sukari. Tukamweka kwenye bakuli la mizani. Mwenye duka akaifuata mizani yake, akaona kilichokaa ndani, akasema hiyo mizani lazima ioshwe kwa maji ya moto, na daktari akamwambia ataiosha yeye mwenyewe. Akakokotoa kwenye karatasi, akachanganya dawa ili ipungue nguvu, akavuta kidogo kwenye sindano ndogo kabisa. Ilikuwa kama machozi ya mtu anayejifanya kulia. Akamchoma chini ya ngozi. Ginipigi akasema wiik, mara moja, kwa hasira, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia kwake tangu nifike.

"Nani anamshika sana nyumbani?" daktari akauliza.

Dani akavuta mkono wa gauni chini.

"Mama, hebu tuone."

Akakataa kwa macho. Daktari akangoja. Dani akapandisha mkono wa gauni, na pale karibu na kiwiko, pale pale alipokuwa anamlaza kila jioni, palikuwa na vipele vyekundu, vingine amevikuna mpaka vikatoa damu. Hakuwahi kuniambia. Alikuwa anajikuna peke yake jikoni ili mnyama asije akasingiziwa.

"Hivi vitaisha vyenyewe huyu akipona," daktari akasema. "Wadudu hawa hawawezi kukaa kwa mtu. Visipoisha, nenda zahanati." Kisha akauliza kama mnyama alikuwa amehamishwa, au amepata msukosuko wowote.

Nikamweleza: mazishi, nyumba ya kuku, zile nyasi, na kwamba aliyekuwa akimlisha kila siku ndiye aliyezikwa.

Daktari akatingisha kichwa. "Ndiyo maana. Wadudu hawa mnyama anaweza kuwa nao siku nyingi, kidogo tu, na wasimfanye kitu. Mwili unawashinda. Akipata mashaka, akihamishwa, akikosa mtu wake, mwili unalegea, nao wanazaana."

Dani alikuwa amemfuata kwa shida. Akanigusa. "Amesema nini hapo?"

Nikamtafsiria.

"Mwambie arudie."

"Dani."

"Mwambie."

Daktari akarudia, polepole, akimwangalia Dani na siyo mimi. "Ni kweli, mama. Huzuni inaweza kufungua mlango. Lakini aliyeingia ndani ni mdudu, na mdudu tunamtoa."

Dani akakaa kwenye gunia la chakula cha kuku. Nilimwona akilipokea lile neno na kuliweka mahali. Hakushinda wala hakushindwa. Alikuwa ameambiwa na msomi mwenye gumbuti kwamba mnyama wa mumewe alihuzunika kweli, na kwamba anaweza kupona bila mtu yeyote kumkosea marehemu. Yule daktari hajui alichofanya siku hiyo. Alifikiri ametibu upele. Mimi nikikumbuka watu wa kushukuru, yeye yuko juu kabisa ya walimu wa dada yangu wote.

Tulifika nyumbani jua likiwa limekaa juu ya mti. Tukachoma nyasi zote, tukachoma na katoni, na mimi nikapewa kazi ya kusugua ndoo kuu­kuu kwa maji ya moto na sabuni iwe makao mapya. Nyasi mpya tulizikata mbali na kuku. Daktari alisema lazima arudishwe kwa sindano nyingine, maana dawa huua walio hai lakini mayai yao yanabaki. Siku hiyo ningekuwa nimesharudi Migori shuleni. Nilimwambia Dani mara nyingi mpaka akaniuliza kama ninadhani yeye aliwazaa watoto wake kwa kusahau.

Bado niliondoka na wasiwasi. Pale kwa daktari alikuwa pamoja nami. Peke yake, jioni, redio inasoma vifo, angeweza kubadili mawazo.

Baada ya muda akapiga simu kwa Mama. Mama akaweka spika.

"Mwambie mume wangu nimemrudisha," Dani akasema. "Alipiga kelele, soko lote likasikia."

"Na nywele?" nikauliza.

"Zimeanza. Ni kama ndevu zako. Mtu akiwa na subira anaweza kuziona."

Dada yangu alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mimi nilijigusa kidevu na sikuudhika hata kidogo. Dani alikuwa ananitania tena kwa nguvu zake zote.

Mwezi wa kumi tulipopata mapumziko ya katikati ya muhula, niliomba mwenyewe kwenda. Mama alinipima joto kwa kiganja. Nilipofika Ndhiwa, ginipigi alikuwa kwenye ndoo yake anakula bua la sukuma wiki kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, kama mashine. Mgongo ulikuwa umejaa. Nywele mpya zilikuwa laini kuliko za zamani, na mahali pamoja begani zilitoka nyeupe ambapo zamani palikuwa kahawia. Mkono wa Dani ulikuwa safi.

Asubuhi yake, nimemaliza uji, Dani akatoa kigoda akakiweka nyuma ya jiko, kwenye jua. Akaketi. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara mbili magotini. Nywele zake sikuwa nimeziona vizuri tangu nilipokuwa mdogo. Zilikuwa nyeupe, zimesukwa mistari miembamba. Akanipa makasi ya kushonea.

"Huyu amemaliza," akasema. "Sasa ni zamu yangu."

Nikasimama. "Na kanisa?"

"Kanisa linaona kitambaa."

"Dani, kuna watu wa kufanya hii kazi. Wazee."

"Wazee niliwafukuza. Nimebaki na mume asiyejua hata kushika makasi. Geuza hiyo mikono."

Nikageuza. Nilikata msuko wa kwanza, mgumu kukatika kuliko nilivyodhani, ukaanguka begani kwake. Yeye hakusogea. Nilikata vibaya, nakubali. Upande mmoja uliingia ndani, mwingine ukabaki kama nyasi iliyorukwa na fyekeo. Nilimwambia anafanana na ginipigi wa Agosti, akasema, "Vizuri." Nikaendelea. Kote Ndhiwa kuna watu wazima, wenye hekima, wanaojua taratibu, naye alimngoja mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu afunge shule. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama hicho na sijui nitakirudisha vipi.

Nilipofika kwenye msuko wa mwisho, nyuma ya sikio, nilihisi mabega yake yanatikisika chini ya mkono wangu. Nilifikiri anacheka. Kisha sauti ikatoka. Pale mazishini alikuwa amewaongoza watu kuimba nyimbo za kitabuni, wima, macho makavu. Sasa alilia kama wanawake wa kwetu wanavyomlilia mume, kilio kirefu chenye maneno ndani yake, anamwita Kwaro kwa jina la baba yake, anamuuliza alikoenda na nani anamkatia mboga huko.

Majirani wakatoka. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Yule kijana wa bodaboda alikuwa anapita mbele ya boma. Akazima injini, akavua helmeti, akasimama pale langoni, akangoja mpaka Dani akamaliza.